Bastola za wafalme na magumegume ya bara: Nani atatunza silaha za kale za Mombasa?

JULAI 7, 2024, katika mji wa Fontainebleau ulio kusini mwa Paris, bastola mbili zilizokuwa mali ya Napoleon Bonaparte ziliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.69. Kwa viwango vya ubadilishaji vya wakati huo, fedha hizo zilizidi Sh230 milioni za Kenya.

Bastola hizo zilitengenezwa na Louis-Marin Gosset, fundi wa silaha wa Paris, na zikatiwa nakshi za dhahabu na fedha pamoja na sura ya Napoleon mwenyewe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1814, alipolazimika kuachia kiti cha enzi, mtawala huyo alikusudia kujiua kwazo, lakini watu wake wa karibu walikuwa wamekwisha kuondoa baruti. Baadaye alizikabidhi kwa msaidizi wake, Armand de Caulaincourt, na wazawa wa Caulaincourt ndio walioziuza.

Kilichofanyika kabla ya mnada huo ndicho kinachostahili kutushughulisha sisi wa Pwani ya Kenya. Serikali ya Ufaransa ilizitangaza bastola hizo kuwa hazina ya taifa na ikakataa kutoa kibali cha kuzitoa nchini moja kwa moja. Kwa sheria ya huko, hatua hiyo iliipa serikali muda wa miezi 30 kutafuta fedha na kumtolea mmiliki bei. Mnunuzi ni huru kununua, lakini taifa lina haki ya kusema neno lake kwanza.

Habari hii inaweza kuonekana kuwa mbali na Likoni, Kisauni na Changamwe, mahali ambapo neno "bunduki" huleta kumbukumbu za misako na mazishi. Hata hivyo, silaha ya aina ile ile, kwa maana ya ufundi wake na wala si ya dhahabu yake, ndiyo iliyoandika sehemu kubwa ya historia ya bara inayokizunguka kisiwa cha Mombasa. Tofauti ni kwamba za wafalme zimetunzwa pamoja na habari zake, ilhali zetu zinapotea pamoja na habari zake.

Neno lililobaki, chombo kilichopotea

Wahenga wetu walizitofautisha bunduki kwa namna zilivyowashwa. Ya kwanza ilikuwa bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Ikafuata ya gumegume, ambayo jiwe gumu lililobanwa kwenye mtambo wake lilipiga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa pembeni, na moto ukapenya hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani ya mtutu. Ya tatu ilikuwa bunduki ya fataki, ambayo haikuhitaji jiwe. Zote tatu zilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, na kwa hiyo watu wengi leo huzijumuisha kwa jina moja, magobori.

Vijana wa leo wanalijua neno gumegume kama lawama anayotupiwa mume asiyefaa. Kamusi za kale za Kiswahili zinaonyesha kwamba ni jina la bunduki hiyo ya jiwe. Silaha yenyewe ilikuwa na tabia zake. Ilifyatua risasi moja tu kabla ya kushindiliwa upya, ilikataa kuwaka baruti ikipata unyevu, na jiwe lake lilichakaa likahitaji kubadilishwa. Lakini kwa takribani karne mbili, hiyo ndiyo iliyokuwa silaha kuu ya majeshi ya dunia.

Katika majumba ya kifalme, mtambo huo huo wa jiwe ulivikwa mapambo ya kila namna. Jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York linahifadhi jozi ya bastola zilizotengenezwa mwaka 1786 na Johan Adolph Grecke wa St Petersburg kwa ajili ya Malkia Catherine wa Urusi. Mipini yake ni ya pembe za ndovu, na nakshi zake ni za dhahabu. Catherine alizitoa zawadi kwa Stanisław August Poniatowski, mfalme wa Poland.

Bastola kama hizo hazikutengenezwa hasa kwa ajili ya vita. Zilikuwa lugha ya watawala. Anayezitoa alikuwa akimwambia mwenzake kwamba wao ni marafiki, na pia kwamba yeye ana mafundi, ana mali na ana nguvu.

Lugha hiyo ilizungumzwa pia katika bahari yetu. Katika miaka ya 1830, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza manowari nzima iliyoitwa Liverpool, na Waingereza wakaibatiza Imaum. Mwaka 1840 alituma merikebu yake, Sultanah, hadi New York chini ya mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, ikiwa na zawadi za Rais Martin Van Buren, miongoni mwazo farasi wa Kiarabu. Katiba ya Marekani ilimzuia rais huyo kuzipokea kuwa mali yake binafsi. Serikali ya Marekani nayo ilirudisha zawadi, zikiwamo silaha za Colt ambazo ziliweza kufyatua risasi kadhaa mfululizo. Enzi ya gumegume ilikuwa inaanza kuzama, na Zanzibar ililishuhudia jambo hilo mapema.

Pembe zatoka, bunduki zaingia

Kwa watu wa kawaida, silaha haikuja kama zawadi. Ilikuja kama bidhaa. Pembe za ndovu ziliteremshwa kutoka bara hadi bandari za Pwani, na kwa upande wa pili zikapanda nguo, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Kila mara majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki mpya, zile za zamani ziliuzwa kwa wafanyabiashara, nao wakazileta huku. Mwaka 1888, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka kupitia ukanda huo.

Bara ya Mombasa ilikuwa katikati ya mkondo huo. Changamwe, ambalo ni jina la moja kati ya Mataifa Matatu ya Waswahili wa Mombasa pamoja na Kilindini na Tangana, ilitazamana na kivuko cha Makupa, ambako Wareno walijenga vibanda vya ngome ili kukizuia kisiwa kisivamiwe kutoka bara. Likoni ilikuwa lango la kusini, kuelekea Gazi na Vanga. Kisauni ilikuwa njia ya kaskazini, kuelekea Takaungu na Malindi.

Majina ya mahali yanathibitisha hayo. Mwaka 1824, Wamazrui waliotawala Mombasa, wakihofia kushambuliwa na Sayyid Said, waliomba himaya ya Uingereza, naye Kapteni William Owen wa jeshi la majini akakubali kabla ya kupata idhini ya serikali yake. Akamwacha Luteni John James Reitz asimamie mji. Reitz alifariki mwaka huo huo, na jina lake likabaki Port Reitz, huko Changamwe. Upande wa Kisauni, mahali ambapo Waingereza hao waliweka makazi ya watumwa waliokombolewa, pakaitwa English Point. Himaya hiyo ilikoma mwaka 1826. Hizo zote zilikuwa siku za gumegume.

Sayyid Said aliuteka mji mwaka 1837. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi katika kipindi hicho cha vita, yamehifadhiwa na yanasomwa hadi leo vyuoni. Maneno ya vita tunayo. Vyombo vya vita ndivyo ambavyo hatuna hesabu yake.

Vita vya mwisho vikubwa vilizuka mwaka 1895, mwaka ule ule Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi alijiunga na upinzani ulioanzia Takaungu katika mgogoro wa urithi wa uongozi. Agosti mwaka huo, wanajeshi wa majini walioongozwa na Admirali Harry Rawson waliivunja ngome yake ya Mwele, iliyokuwa katika nchi ya vilima kusini-magharibi mwa Mombasa. Aprili 1896, Mbaruk alivuka mpaka na kuingia eneo la Wajerumani, akaishi uhamishoni hadi alipofariki mwaka 1910. Aliondoka na wafuasi wengi, na wengine wakabaki na kurudi vijijini mwao. Bunduki za watu waliorudi vijijini hazikuandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Sheria mbili, silaha moja

Hapa ndipo historia inapogongana na sheria ya leo.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inaeleza kwamba kitu cha kale ni kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kwa maelezo hayo, gumegume lililoingia kupitia Zanzibar mwaka 1850 ni turathi ya taifa kama zilivyo sarafu na vyombo vya kauri vya zamani. Haliruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Sheria hiyo hiyo inalinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946.

Lakini gumegume hilo hilo lina mtutu, kitako na kifyatulio. Kwa askari anayesaka silaha usiku katika mtaa wa Likoni, ile ni bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mtu awe na cheti kabla ya kumiliki bunduki, na anayekiuka huhatarisha uhuru wake kwa miaka mingi. Mtunza makumbusho husoma sheria ya kwanza na askari husoma ya pili. Mwananchi aliyerithi chombo hicho kwa babu yake yuko katikati, wala hakuna ofisi hata moja iliyomwambia waziwazi aende wapi na atakapofika atapokewa vipi.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa kuchora mstari. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1968 inairuhusu silaha ya kale kumilikiwa kama pambo au kitu cha kumbukumbu bila leseni, na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2021 zimefafanua ni mitambo ipi inayohesabiwa kuwa ya kale. Marekani huhesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Katika nchi hizo, mwenye bastola ya jiwe anajua anasimama wapi.

Kuna kinaya kingine katika historia yetu. Julai 2, 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels uliozuia silaha kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba huo uliacha mlango mmoja wazi. Bunduki za gumegume zisizokuwa na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa kwa masharti. Wakoloni waliona kuwa gumegume halikuwa tishio kwa majeshi yao yenye bunduki za kisasa. Kwa hiyo silaha ambayo wakoloni waliihesabu kuwa dhaifu mwaka 1890 inaweza kumtia mjukuu wa mwenyewe mashakani zaidi ya karne moja baadaye.

Hofu yenye sababu

Haitakuwa haki kuwalaumu polisi peke yao. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa wa usalama na kupora bunduki. Katika ghasia zilizofuata, watu zaidi ya mia moja waliuawa na maelfu kwa maelfu wakayahama makao yao. Machi 2014, watu waliojihami kwa bunduki waliwafyatulia risasi waumini kanisani huko Likoni. Mji uliopitia hayo una sababu ya kuiogopa kila bunduki, na afisa anayekataa kubahatisha ana hoja.

Ipo pia hoja kwamba kulegeza kamba kutawapa wahalifu kisingizio. Mtu akikamatwa na bunduki ya kujitengenezea, atadai ni urithi wa babu. Hoja hiyo ni nzito, lakini ina jibu. Mtambo wa gumegume una jiwe, chuma cha kupigwa na kikombe cha baruti, na mtaalamu huutambua kwa kuutazama. Zaidi ya hayo, mhalifu hapeleki silaha yake kwenye ofisi ya serikali ili iandikwe. Anayekubali kuandikisha amekwisha kujitenga na wanaoficha.

Hatari iliyo wazi zaidi ni ya kuteketeza bila kuchagua. Novemba 2016, serikali ilichoma silaha haramu 5,250 huko Ngong, na Juni 2021 ikateketeza nyingine zaidi ya 5,000. Hatua hizo zilikuwa za lazima, kwa kuwa kila bunduki haramu inayoangamizwa ni maisha yaliyonusurika. Lakini moto haubagui. Ikiwa rundo la kuchomwa halikaguliwi kwanza na mtu anayejua historia, taifa linaweza kujichomea ushahidi wake kwa mikono yake lenyewe.

Mali bila daftari

Leo aliyerithi silaha ya kale bara ya Mombasa ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuifukia au kuificha darini hadi kutu na mchwa viimalize. Anaweza kuipeleka polisi na kuomba Mungu aeleweke. Au anaweza kumpa mchuuzi wa vitu vya kale, ambaye atamlipa kidogo na kutafuta namna ya kuivusha nje ya nchi kinyume cha sheria.

Njia zote tatu zinafikia mwisho mmoja. Hata chombo chenyewe kikinusurika, habari zake hupotea. Na kinachofanya bastola za Napoleon ziwe za thamani ile si dhahabu peke yake. Ni kwamba jina la fundi linajulikana, jina la mwenyewe linajulikana, na ukoo uliozitunza unajulikana kizazi baada ya kizazi. Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tumekwisha kuonja gharama ya kukosa daftari. Mradi wa kimataifa ulioshirikisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, uliofanyika kati ya mwaka 2018 na 2021, uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za ng'ambo. Ngoma ya Wapokomo iitwayo Ngadji, iliyonyakuliwa na wakoloni mwaka 1902, iko katika jumba la makumbusho la Uingereza jijini London tangu mwaka 1908. Vigango vya Wamijikenda vilivyoibwa vimerejeshwa kidogokidogo kutoka Marekani, baada ya watafiti kufuatilia kwa miaka mingi mahali vilipotoka. Ni vigumu kudai kirudi kitu ambacho hukuwahi kuandika kwamba ulikuwa nacho.

Njia ya nne

Inahitajika njia ya nne, nayo haihitaji mabilioni ya fedha. Fort Jesus ni jumba la makumbusho na ilitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Ina wataalamu na ina mizinga ya zamani ambayo wageni huilipia kiingilio waione. Panaweza kufunguliwa dawati moja kwa makubaliano kati ya makavazi na polisi, litakalopokea taarifa kwanza na wala si silaha. Mwenye nayo aeleze alichonacho na alikipataje, kisha mtaalamu na afisa wa polisi wamfuate nyumbani kwa siku waliyopatana. Asiibebe mwenyewe katika matatu wala kwenye feri ya Likoni.

Utaratibu huo una sababu ya usalama pia. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haipotezi nguvu zake kwa urahisi, na bunduki ya kushindilia inaweza kuwa imebakizwa na risasi ndani kwa miaka mingi. Asiyejua asijaribu kuifyatua wala kuichokonoa. Mtaalamu anaweza kuifanya isiweze kufyatuka tena bila kuiharibu.

La tatu ni stakabadhi. Familia itakayotoa chombo ipewe hati yenye jina lake, na jina hilo liandikwe mahali kitakapoonyeshwa iwapo yenyewe inaridhia. Iwapo haitaki kukitoa kabisa, ikubaliwe kukikopesha. La nne ni kwamba kabla ya rundo lolote la silaha kuchomwa, makavazi yapewe nafasi ya kulikagua.

Serikali ya kaunti nayo isikae kando. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaitaja kazi ya makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti. Bara ya Mombasa, yenye wakazi wengi kuliko kisiwa, haina jumba kubwa la historia yake lenyewe. Kisauni ina mnara wa kengele wa Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa miaka ya 1870, na kengele hiyo imewapa watu jina la mahali, Kengeleni. Huo ni ushahidi kwamba kitu kikibaki mahali pake, hata mtoto apitaye kwenda shuleni hukijua.

Ufaransa, yenye majumba yaliyojaa silaha za wafalme, iliona haya kupoteza bastola mbili. Sisi hatujui tuna ngapi. Kazi ya kwanza ya serikali, ya kitaifa na ya kaunti, ni kumwezesha mzee wa Mtongwe au wa Kisauni kusema alichorithi bila kuogopa kulala korokoroni. Likifanyika hilo, kuhesabu kutawezekana, na kuonyesha kutafuata.